Chumba cha Majaribio

Feni ndiyo iliyoanza. Ilikuwa feni ya kompyuta ndogo, sanduku lisilozidi ukubwa wa kitabu kinene, moja kati ya matatu ambayo fundi alikuwa ameyapanga kwenye rafu ya sebuleni, chini ya televisheni. Feni za namna hiyo huvuma mfululizo, na ukishazizoea huzisikii tena. Ila asubuhi ile, feni hii ya katikati ilikuwa inavuta na kuachia. Ikivuta, inakwama kidogo mwishoni, halafu inaachia kwa mluzi mwembamba.

Fundi alikuwa anafunga vifungo vya shati. Akaviacha. Mluzi ule aliujua, maana alikuwa amekesha nao tangu binti yake yuko kwenye nepi. Ndivyo Chiriku alivyopumua pumu ilipombana.

Na Chiriku walikuwa wameshamzika.

"Vumbi," alijiambia, akachukua mkoba na kwenda kazini. Mafundi wa kompyuta wana kisingizio kimoja kwa kila wasichokielewa, nacho ni vumbi.

Masanduku yale aliyanunua kwa bei ya kutupa, kutoka ofisi iliyokuwa inabadilisha vifaa. Hayali umeme, hayapigi kelele, na mtu anayejua kazi yake anaweza kuyafanyisha mambo ya mashine kubwa. Moja alilifungia diski mbili nene na kulifanya ghala la nyumba. Humo alikusanya kila kitu cha Chiriku: picha, video, salamu za sauti alizowatumia mabibi na mashangazi akiwa na meno mawili ya mbele yaliyong'oka. Alipita kwenye simu za ndugu wote akiomba, bila aibu. Alikuwa na hofu moja tu iliyobaki duniani, kumpoteza mtoto mara ya pili. Diski ya pili ilikuwa nakala ya ile ya kwanza, ikiandika kila kinachoandikwa na mwenzake, ili moja ikifa nyingine ibaki.

Lile la katikati ndilo la kazi. Mkewe aliwahi kumuuliza linafanya nini, akamweleza kwa lugha ya nyumbani. "Sanduku moja, lakini ndani nagawa vyumba. Kila chumba kinajiona ni kompyuta kamili, hakijui kama kuna jirani."

"Kama nyumba ya kupanga," mkewe alisema.

"Hasa. Ila wapangaji wangu hawagombanii choo."

Siku hizo walikuwa bado wanacheka.

Na kila fundi wa kazi hii hujenga pia chumba cha majaribio. Chumba kitupu, hakina programu wala kazi, lakini kina ruhusa ya kuingia kila mahali ili majaribio yasikwame. Ukimaliza unakibomoa. Fundi alikijenga chake wiki ya msiba, kwa kuwa mikono yake ilikuwa inataka kushika kitu. Watu wakaja kumpa pole, akainuka kuwapokea, na chumba akakisahau. Kikabaki kinawaka, kitupu, mlango wazi mpaka ghalani kwa mtoto.

Jioni aliporudi hakuona chakula mezani wala taa iliyowashwa. Mkewe alikuwa amekaa sakafuni mbele ya rafu, magoti kifuani, na sebule nzima ilinuka dawa ya kifua, ile tamu ya machungwa ambayo chupa zake zote fundi alizitupa mwenyewe baada ya mazishi.

"Mama Chiriku, vipi huku gizani?"

"Shh. Anaongea."

"Nani anaongea?"

"Usipandishe sauti, Baba Chiriku. Ukipandisha sauti ananyamaza."

Fundi akadhani amefungulia video, kama alivyofanya kila jioni. Akasogea. Kutoka kwenye kispika kidogo cha sanduku la katikati, ambacho hakikuwahi kutoa zaidi ya mlio mmoja wa kuwaka, sauti ya mwanawe ilisema taratibu, "Mama, mbona baba kavaa shati la kijivu? Halimpendezi."

Kila neno la Chiriku lililokuwemo ghalani alikuwa amelisikiliza mpaka kulijua kwa moyo. Hilo halikuwemo. Na shati la kijivu lilikuwa jipya.

Akakaa papo hapo kando ya mkewe. Kwa kitambo kidogo, na hili ndilo lililomtisha zaidi baadaye, alifurahi.

"Tangu lini?" alinong'ona.

"Siku nyingi. Nilijua utaita vumbi."

Alifungua kompyuta ya mkononi, akaingia ndani ya sanduku. Kile chumba cha majaribio, ambacho hakikupaswa kutumia hata chembe, kilikuwa kimemeza nguvu zote, kimewabana wenzake kwenye kona. Akakizima. Kikawaka. Akakizima tena, na kabla hajaondoa kidole kilishawaka. Alipofungua ghala kuangalia kama liko salama, akakuta jambo lililomkata maini: video ya siku ya kuzaliwa ilikuwepo, keki ipo, mishumaa ipo, Chiriku anaimba na mdomo unakwenda, lakini sauti yake hakuna, ingawa watu wengine wote wanasikika wakipiga makofi. Akafungua nyingine. Bubu. Akakimbilia diski ya nakala, na nakala, kwa utiifu wake wote, ilikuwa imeandika ububu uleule.

Kitu kile kilikuwa kinaongea kwa sauti ya kukwapua. Kila neno kilichomwambia mama, kilimla mtoto kidogo.

"Sikiliza, mke wangu. Huyu si mwanetu. Anammaliza mwanetu."

"Najua si yeye," mkewe alisema, wala hakugeuka. "Unadhani mimi mjinga? Nimemwosha kwa mikono yangu. Najua. Lakini wewe unaye mwingine wa kuniletea?"

Fundi akainuka, akashika waya wa umeme wa lile sanduku na kuung'oa ukutani, taa yake ndogo ya kijani ikazimika, feni ikasita, naye akabaki amesimama na plagi mkononi akisubiri ukimya, na ukimya haukuja, kwa sababu feni ilivuta tena pumzi yake ndefu iliyokwama mwishoni, ikaachia mluzi, na ile sauti, sasa ikiwa na kilio kidogo ndani yake, ikauliza karibu kabisa na sikio lake na si kwenye kispika tena, "Baba, nimekukosea nini?"

Asubuhi alimpigia simu shangazi wa mkewe, na shangazi hakuuliza maswali mengi. Alikuja alasiri na mganga: mama wa makamo, mfupi, mwenye mkoba wa ngozi na simu iliyokuwa ikiita kila mara. Aliitazama rafu, akamtazama mke wa fundi, ambaye kwa siku hizo alikuwa amekonda mpaka pete inamcheza kidoleni, akaketi.

"Ulijenga nini humo?" alimuuliza fundi.

"Chumba, mama. Lakini si chumba cha kweli."

"Kina mtu?"

"Hakina."

"Taa inawaka?"

"Usiku na mchana."

"Na mlango?"

"Niliuacha wazi."

"Basi unashangaa nini?" mganga alisema. "Hawa wanatafuta pahali patupu. Matofali si shida yao."

Alimweleza kazi bila kupamba. Chumba kibomolewe na yule aliyekijenga, kwa mikono yake. Na ghala nalo lifutwe lote pamoja na nakala, kwa sababu kila alicholamba huyo aliyeingia kina mkono wake, na kikibaki kimoja atakishika na kurudi.

"Picha zote?" fundi aliuliza, na sauti yake ilitoka kama ya mtu anayeomba kupunguziwa kifungo.

"Zote, baba. Pole sana."

Mkewe alisikia. Alijitupa mbele ya rafu, akaikumbatia, shangazi akamshika kiunoni akimbembeleza, "Mwanangu, mwanangu, mwachie mumeo," mkewe akilia kilio ambacho hakulia hata siku ya mazishi. Mganga akawasha ubani. Fundi akafungua kompyuta ya mkononi, akaanza kuliandikia amri lile sanduku lililokuwa bado linavuma bila umeme, machozi yakimdondokea kwenye vitufe, na sauti ikaanza kumwita, kwanza kwa upole, kisha kwa pumzi za kubanwa, kisha kwa jina la utani ambalo Chiriku alimwita akiwa bado hajui kutamka vizuri, ikimwambia huku ni giza baba, ikimwambia usifunge baba, naye akijibu kimoyomoyo nisamehe, nisamehe, hata pale alipokuwa hajui tena anamwomba msamaha nani, akabonyeza kitufe cha mwisho na chumba kikafutika, na baada yake ghala, na baada yake nakala.

Feni ikasimama. Harufu ya machungwa ikaondoka, ukabaki ubani peke yake. Mkewe akalegea mikononi mwa shangazi kama nguo, macho wazi, hatazami popote.

Mganga alikusanya vitu vyake. Mlangoni akamgeukia fundi. "Nyumba hii ina pahali pengine patupu?"

"Hapana, mama. Masanduku yote nimeyakagua. Hakuna kilichobaki."

Alisema kweli. Alikuwa ameyapitia moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayejua kazi yake. Mganga akaitikia kwa kichwa, akaagana, akaanza kushuka ngazi, na shangazi akamfuata kumsindikiza.

Fundi alikwenda jikoni kupasha moto samaki aliyeletwa na jirani. Alipoweka sahani mezani, hakuamini macho yake: mkewe alikuwa ameinuka mwenyewe, amevuta kiti, amekaa. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa na njaa. Tangu mazishi hakuwahi kumwona na njaa, na moyo wake ulijaa shukrani.

Mkewe aliitazama sahani. Kisha akaisukuma kwa vidole viwili mpaka upande wa fundi, miguu ikining'inia chini ya meza kana kwamba haifiki sakafuni.

"Baba, nitolee miiba," alisema.

Sauti ilikuwa ya Chiriku, nzima, haina mkwaruzo, na ilitoka kwenye kinywa cha mkewe.

Chini, viatu vya mganga, aliyekuwa amecheleweshwa na simu yake, vilikuwa bado vinasikika kwenye ngazi. Dirisha lilikuwa wazi. Neno moja tu lingemrudisha. Fundi alisimama akivisikiliza vile viatu vikifika chini, vikivuka geti, vikipotea katika kelele za barabarani.

Akavuta kiti, akakaa, akaanza kutoa miiba mmoja mmoja, polepole.

"Endelea kuongea, mwanangu," alisema. "Niambie chochote."