Damu ya Sikio la Nunu

Kilichoanza kumshangaza Shufaa ni pamba. Kila asubuhi, kabla ya chai, alimpakata paka wake Nunu, akamtoboa pembeni mwa sikio, akaweka tone la damu kwenye mashine ya sukari, kisha akafuta sikio kwa pamba na kuitupa kwenye ndoo ya taka. Ndivyo daktari wa mifugo alivyomwelekeza. Majirani wa mtaa wa Mlandege walimcheka: paka ana kisukari, keshokutwa atadai miwani! Shufaa hakujali. Hakujaliwa mtoto, na Nunu ndiye aliyekuwa akimpokea mlangoni. Lakini pamba zenye damu zilikuwa hazionekani ndooni.

"Panya hao," alisema mumewe Hamza bila kumtazama.

"Panya gani wa kula pamba na kuacha vichwa vya dagaa?"

Hamza alicheka kidogo, akaondoka zake. Siku hizo hakuwa na muda. Biashara yake ya vitenge, iliyokuwa taabani, ilikuwa imenawiri ghafla, na sasa alikuwa anafungua duka la pili kule Soweto, Mbeya.

Dawa ikamkubali Nunu. Sukari ilishuka, ikatulia, na Shufaa alipoona namba za kawaida alipiga vigelegele peke yake jikoni. Jioni ileile, ukungu ukiwa umeshashuka mpaka madirishani, alisikia ulimi ukilamba ndani ya stoo, polepole, kama mtu anayemaliza sufuria ya uji, na harufu ya udi ikatambaa chini ya mlango, na manyoya ya Nunu yakasimama, na ulimi ule ukanyamaza, kisha kitu kikatema mate kwa hasira na sauti ya kike ikasema: "Si tamu."

Shufaa alitoka mbio peku. Alirudi na Bibie wa Ipogolo, mama muuza vitumbua ambaye watu humwita kimyakimya yakiwafika ya namna hii. Nyuma ya marobota ya vitenge walikuta chetezo na sahani nyeupe imejaa pamba. Za zamani zilikuwa zimelambwa zikawa safi. Ya leo ilikuwa imetemewa mate.

Bibie alifukiza ubani. "Nani kakuleta?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hamza," giza likajibu. "Kaniahidi damu ya mkewe, Shufaa binti Yasmini. Kidogo kidogo, mpaka iishe."

Jina la mama yake Shufaa alimpa Hamza yeye mwenyewe, wakiwa wachumba, kwa mapenzi. Kumbe miaka yote amelala ubavuni mwa mtu wa kumuuza!

Bibie alinusa pamba. "Hii si damu ya mtu. Mumeo alitoa ya paka, akataja jina lako."

Kukasikika mguno mrefu ndani ya giza, na sahani ikapasuka.

"Sasa kajua kadanganywa," Bibie alinong'ona. "Mikono mitupu haondoki. Anamtaka aliyetajwa au aliyemdanganya. Taja jina la mumeo na la mama yake, mwanangu, au nyamaza akuchukue wewe."

Hamza alikuwa amefika, amesimama mlangoni kwa viatu vyenye tope. "Shufaa, usitaje! Nilitoa ya paka ili wewe upone!"

"Mbona hukutaja jina lako?"

Hamza alitazama tope la viatu vyake. Shufaa alimsubiri. Alitamani aseme lolote, hata uongo, hata samahani ya juujuu.

Akamkumbatia Nunu, akainamia giza la stoo huku machozi yakimtoka. "Hamza bin Mwanaidi," alisema.

Ubaridi ulimpita ubavuni ukaelekea mlangoni. Hamza aliyumba, akashika kizingiti, kisha akajinyoosha na kumgeukia mkewe akitabasamu. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya kike.

"Ahsante, mke mwenzangu."