Kanuni ya Msichana wa Kwanza

Ujumbe ulikuwa na maneno manne.

*Nguo imetoka kwa kamba.*

Nakhumicha aliusoma akiwa kwenye foleni ya magari, akaufuta, akageuza Toyota Fielder yake kuelekea ofisini, katikati ya mji wa Nakuru. Nguo ilikuwa shahidi. Kamba ilikuwa maficho yake, na sasa hayakuwa salama tena.

Simu ililia. Cheptanui, mkuu wake katika Idara ya kulinda mashahidi, hakuwa mtu wa salamu.

"Tumenasa simu ya Kabiru. Yuko barabara ya Molo na wenzake watatu, wana silaha. Anangoja kuambiwa nyumba. Ataambiwa saa nane."

"Na nani?"

"Kampuni inayoitwa Mizizi Data. Kenyatta Avenue, ghorofa ya tatu. Mwenyewe ni mgeni, Volkert. Kikosi changu kiko Salgaa, lakini sijui nikitume wapi. Ingia humo uone wanajua nini."

"Nimwambie Mbugua amtoe shahidi?"

"Mbugua asiambiwe kitu. Maficho yale tunayajua watu watatu. Mimi sijasema. Wewe umesema?"

"Hapana."

"Basi hesabu ni yako."

Nakhumicha alimfahamu Mbugua kwa miaka tisa na alimpenda kama kaka. Lakini kupenda si ushahidi.

Shahidi aliitwa Sue, fundi wa nguo, mjini Olenguruone. Miaka sita nyuma aliitwa Nyakio, karani katika ghala la mafuta, na aliona kwa macho yake bunduki zikifichwa ndani ya malori ya mafuta ya genge la Kabiru. Idara ilimpa yeye na mumewe majina mapya. Baada ya kuahirishwa mara nyingi, kesi ilikuwa ianze Jumatatu. Bila Sue, hakukuwa na kesi.

Mbugua, mlinzi wake wa siri, aliishi mageti mawili kutoka kwa Sue. Mbele ya watu aliuza dawa za mifugo. Chini ya kaunta aliweka bastola.

Kama Mbugua ndiye aliyemuuza, kumpigia simu kungekuwa kumuua Sue. Kama siye, kunyamaza kungemuua vilevile.

Nakhumicha aliegesha gari. Alitia sikioni kifaa kidogo kama punje ya mtama. Aliingiza bastola yake ya Glock 19 kwenye mkoba wa kompyuta.

"Nakusikia," Cheptanui alisema sikioni.

Alipanda ngazi.

* * *

Ofisi ilikuwa na meza tatu na mtu mmoja. Kijana mrefu, shati safi, kikombe cha chai kando ya skrini mbili pana.

"Karibu, madam. Boss ameenda lunch. Mimi ni Kiplimo, naweza kukusaidia?"

"Naliaka, kampuni ya bima." Alimpa kadi ya uongo. "Tuna malipo ya marehemu na hatujui warithi wako wapi. Nimeambiwa nyinyi hutafuta watu."

"Hatutafuti, madam. Tunawapata." Alicheka, akamvutia kiti. "Wengine wanatafuta neno. Ukiandika jina, unapata watu elfu wenye jina hilo. Mashine yangu inatafuta maana."

"Maana gani?"

"Angalia." Alibonyeza. "Hapa hatuweki hati. Kila hati naivunja iwe sentensi fupi: nani, uhusiano gani, na nani. *Nyaguthii, ni mama wa, Hiram.* Basi. Ziko milioni kadhaa. Halafu juu yake naweka kanuni. Mama ya baba ni nyanya. Mashine ikisoma sentensi na kanuni, inajua mambo ambayo hakuna mtu aliandika popote."

"Hayo ni maneno ya kuuza."

"Aki, madam!" Kiburi kilimpanda usoni. "Ngoja nikuonyeshe ya leo. Kuna mama alipotea miaka sita sasa. Ameachiwa ekari kumi na mbili huko Bahati, na hajui. Alibadilisha jina, kila kitu. Nimempata asubuhi hii."

Kwenye skrini kulikuwa na mstari mmoja.

*Nyakio, ndiye yuleyule, Sue. Olenguruone.*

Nakhumicha aliutazama bila kupepesa.

"Nani aliwaambia?"

"Hakuna mtu."

"Lazima kuna mtu."

"Kila sentensi ina chanzo chake. Bonyeza mwenyewe, usiniamini."

Alibonyeza. Alikuwa akitafuta jina moja tu, Mbugua, au simu yake, au duka lake.

Chanzo cha kwanza kilikuwa tangazo la kifo gazetini: Wamaitha, mama mpendwa wa Nyakio. Cha pili, tangazo jingine: Nyaguthii, mama mpendwa wa Hiram, mkwe wake mpendwa Nyakio. Cha tatu, majina ya watoto waliopata basari ya karo ya chekechea, yaliyobandikwa mtandaoni na kaunti ili wananchi waone pesa zimeenda wapi. Cha nne, ratiba ya Krismasi ya watoto wa kanisa moja la Olenguruone, pamoja na picha.

Nyaguthii, miaka mitano. Wamaitha, miaka mitatu. Mama yao, Sue.

"Sioni kitu," alisema, ingawa alikuwa ameanza kuona.

"Mimi ni Mkalenjin, lakini nimeoa Subukia, wakwe wamenifunza." Kiplimo alihesabu kwa vidole. "Kwa Wakikuyu msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya mwanaume. Wa pili, la mama ya mwanamke. Kwa hivyo ukijua nyanya wawili, unajua wajukuu kabla hawajazaliwa. Mama alibadilisha jina lake, bwana wake Hiram akabadilisha lake. Watoto wakazaliwa huko mafichoni, wakapewa majina ya nyumbani. Hapo ndipo nikamshika."

Nakhumicha alifuata vyanzo vyote hadi mwisho, kisha akavirudia kwa kuanzia mwisho. Hakukuwa na siri hata moja. Kila kipande kilikuwa hadharani, kimewekwa na mtu mwema kwa sababu njema.

Hakukuwa na msaliti. Kulikuwa na mashine iliyoweka vipande pamoja.

Alitoa simu.

"Nakhumicha," sauti ya Cheptanui ilimwonya. "Unampigia nani?"

"Mbugua."

"Nimekukataza."

"Nafuata ushahidi."

Mbugua alijibu mara moja.

"Mtoe Sue na watoto," Nakhumicha alisema. "Bwana pia. Sasa hivi. Msipite barabara ya Molo."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu."

Mbugua alikuwa mwepesi wa kuelewa.

"Kumbe nilikuwa nashukiwa?"

"Ulikuwa."

"Na sasa?"

"Sasa washa gari."

Alikata. Kiplimo alikuwa amesimama, kikombe mkononi.

"Madam, wewe si wa bima."

"Kaa chini. Sikiliza hii."

Alimwekea sauti iliyonaswa, ambayo Cheptanui alikuwa amemtumia. Ilikuwa ya Kabiru, tulivu kama ya mtu anayeagiza nyama choma. *Tukipewa nyumba, hakuna mtu anabaki. Hata hao watoto. Sitaki kurudi huko mara ya pili.*

Chai ilimwagika kwenye shati safi.

"Waliniambia ni urithi," Kiplimo alisema. "Walinionyesha hata ramani ya shamba. Haki ya Mungu."

"Volkert ameona jibu?"

"Bado. Nilikuwa nimpe akirudi."

"Futa."

"Nikifuta atajua. Anajua jibu lipo, nilimwambia kwa simu." Alijipangusa bila kuangalia. "Na huwezi kuweka hati ya uongo. Anabonyeza kila chanzo mwenyewe."

Nakhumicha alifikiri. Hati zilikuwa za kweli na zingebaki za kweli. Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho Volkert hangeweza kukibonyeza akafika kwenye gazeti au kanisa.

"Kanuni," alisema. "Ipindue. Msichana wa kwanza apewe jina la mama ya mke. Wa pili, la mama ya mume."

Kiplimo aliandika. Mashine ilifikiri, ikaleta familia mbili.

Ya kwanza ilikuwa mtaani Kaptembwo. Mama, wasichana wawili, chumba kimoja.

"Hapana," Nakhumicha alisema.

"Najua. Hao ni watu." Alisogeza chini. "Hii nyingine iko Sachangwan. Walinunua ploti miaka mitano iliyopita. Lakini hawapo. Kanisa liliwafanyia ibada ya kuwaaga, walihamia Kanada. Nyumba iko tupu."

"Ondoa hiyo sentensi ya Kanada. Usiguse nyingine."

Mlango wa ghorofa ya chini ulifungwa. Viatu vilipanda ngazi.

* * *

Volkert alikuwa mwembamba, mwenye mvi, na Kiswahili chake kilikuwa safi, cha darasani. Aliisoma kadi ya Nakhumicha mbele na nyuma.

"Bima. Bila miadi?"

"Nilikuwa karibu."

"Watu huwa karibu na duka, si karibu na ofisi yangu." Aliketi mbele ya skrini. "Lakini subiri. Nina kazi ndogo."

Alibonyeza chanzo cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Alisoma kila kimoja hadi mwisho. Nakhumicha alilaza mkono juu ya mkoba.

Hatimaye Volkert alipiga simu, akaiweka kwenye spika.

"Kabiru. Ni Sachangwan. Nyumba nyeupe nyuma ya soko, paa la kijani."

"Kikosi kinaondoka," Cheptanui alinong'ona sikioni.

"Sachangwan?" Sauti ya Kabiru ilikwaruza. "Mmejuaje?"

"Majina ya watoto. Wa kwanza Wamaitha, wa pili Nyaguthii."

"Hiyo haiendi hivyo. Wamaitha ni mama yake huyo mwanamke. Kwetu msichana wa kwanza ni wa mama ya mwanaume. Mzungu, unanichezea?"

Volkert aligeuza shingo polepole. Hakumtazama Kiplimo. Alimtazama Nakhumicha.

"Kiplimo," alisema. "Mjibu."

"Boss, inakuwa hivyo kama mahari haijalipwa. Ukikaa na msichana wa watu bila kupeleka kitu, wazee wanasema watoto ni wao. Majina yanaanzia upande wao."

"Nani amekwambia?"

"Wakwe zangu! Nilichelewa mbuzi kidogo tu. Mtoto wangu wa kwanza ana jina la nyanya yake wa Subukia, na mama yangu hajanisamehe mpaka leo. Nikienda nyumbani ananipa chai bila maziwa."

Kabiru akacheka, kicheko cha tumbo.

"Kumbe huyo Hiram ni mkono birika! Anakula bure miaka yote hiyo!" Injini ilinguruma. "Sawa. Tunaenda."

Volkert hakucheka. Alijimiminia kahawa, akarudi kwenye skrini. Alisoma kama mtu anayetafuta unywele ndani ya chakula. Nakhumicha alimwacha asome. Kila dakika aliyosoma ilikuwa dakika ya Mbugua barabarani.

"Mashine hii ina sifa moja," Volkert alisema mwishowe. "Haisahau. Kila badiliko huandikwa." Alifungua historia. Macho yake yalishuka, yakasimama. "Sentensi moja imeondolewa leo. *Familia, ilihamia, Kanada.* Na kanuni..."

Mkono wake ulirukia simu. Kidole kilibonyeza.

Nakhumicha aliruka meza. Alimpiga kwenye kifundo cha mkono, simu ikaanguka. Volkert alimtupia kahawa. Aliikwepa nusu, ikamchoma shingo, na kabla mgeni hajafika kwenye droo, mdomo wa Glock ulikuwa umegusa paji la uso wake.

"Wewe si wa bima," Volkert alisema.

"Na wewe si wa urithi. Nyamaza."

Sakafuni, simu iliongea.

"Alo? Mzungu?"

Hakuna aliyesogea.

"Alo! Tuko kwa geti hapa. Mbona nyumba iko kimya hivi?"

Nakhumicha alimtazama Kiplimo. Hakuwa na amri ya kumpa. Kijana alipiga magoti, akainama juu ya simu kama anayeinamia mtoto mgonjwa.

"Ni mimi, boss. Si unajua watu wa shamba, saa hii wako kwa viazi. Ingieni tu mngoje ndani."

"Kijana, wewe una akili."

Geti lilipiga kelele. Nyayo. Mlango ulisukumwa.

Kisha sauti nyingi kwa pamoja.

"Polisi! Lala chini! Wote! Weka hiyo chini, Kabiru!"

Simu ilikatika.

"Kifurushi kimepokelewa," Cheptanui alisema sikioni. "Wanne wote."

Nakhumicha alimfunga Volkert pingu kwenye bomba la ukuta. Chini mtaani, gari la Idara lilikuwa limeshasimama.

Simu yake ililia. Ilikuwa Mbugua, na nyuma yake sauti ya mtoto akilalamikia njaa.

"Tumetoka. Wote wako salama. Sue anataka kuongea."

Sauti ya mwanamke ilikuja, kavu.

"Mkuu wenu ameniambia ni majina ya watoto yaliyotufichua."

"Mliambiwa msiwape majina ya nyumbani."

"Mlibadilisha langu nikanyamaza. Mlibadilisha la Hiram akanyamaza. Mama yangu hakuwa na kesi na mtu. Hata kumzika sikwenda. Jumatatu nitakuja. Lakini huyu ni Wamaitha."

"Nimesikia, mama."

Alipofika ngazini, Cheptanui alirudi sikioni.

"Tunawahamisha usiku huu. Safari hii watoto nao wapewe majina mapya. Liandike kwenye ripoti yako, kama sharti."

"Sitaliandika. Kila mtoto atakayepewa basari atabandikwa tena, kwa jina lolote. Nitaandika kwamba Idara iombe kaunti iweke namba badala ya majina, na kanisa liondoe ratiba. Kiplimo atatuonyesha vyanzo vingine vilivyo wazi. Sasa anatufanyia kazi sisi."

"Hukuulizwa maoni."

"Si maoni. Watoto hawakuvujisha kitu. Sisi watu wazima ndio tuliowabandika."

"Na Mbugua? Niandike nini?"

"Andika kwamba watu watatu walijua, na hakuna aliyesema."

Alitoa punje ya mtama sikioni, akaitia mfukoni. Kenyatta Avenue ilikuwa imejaa jua na honi za magari. Muuza miwani alimnyooshea moja ya bei nafuu, akamwita madam, akamuuliza jina.

Nakhumicha alinunua miwani, akaivaa, akavuka barabara bila kujibu.