Kompyuta Haipimwi kwa Uzito

Fundi seremala hanunui kitu bila kukiinua. Mbao huinua, nyundo huinua, hata sufuria ya mkewe aliiinua dukani kwanza. "Kizito ndicho kitu," husema. Na kwa mbao, hajawahi kukosea.

Safari hii alikwenda dukani kununua kompyuta. Shule moja ilitaka madawati mia mbili. Kamati ya shule ilitaka kuona michoro kwenye kompyuta, palepale shuleni, Jumamosi. Akiikosa kazi hiyo, karakana ingefungwa. Wiki nzima usingizi ulikuwa umempaa.

Aliinua ya kwanza, akaguna. Ya pili, akaguna tena. Ya tatu, kompyuta kubwa ya mezani, ilimtoa jasho. Akatabasamu.

"Hii hapa! Mama watoto, hii ndiyo mashine."

"Na Jumamosi utaibeba kichwani?" mkewe aliuliza.

Seremala alijitia kiziwi. Bahati nzuri walikuwa wameongozana na jirani yao, fundi wa kompyuta, ambaye mtaa mzima humwita Dada Bisibisi.

"Shemeji, iweke chini, usije ukaumia mgongo," alisema Dada Bisibisi. "Kompyuta haipimwi kwa uzito. Niambie kwanza, utaitumia wapi?"

"Nyumbani nitachorea. Shuleni nitaonyeshea."

"Umeme wenu ni wa uhakika?"

"Wa uhakika! Huo huondoka bila kuaga."

"Basi nisikilize. Hiyo ya mezani inamfaa mtu anayekaa sehemu moja. Kioo chake kikubwa, na kifaa kimoja kikiharibika unabadilisha hicho tu. Lakini haina betri. Umeme ukikatika, inazima, na kazi ambayo hujaihifadhi inapotea."

"Lo! Na hiki chembamba?" Seremala alinyooshea kidole kishikwambi, kinachofanana na simu kubwa.

"Hicho kizuri kwa kusoma na kuonyesha picha. Kwa michoro ya vipimo kitakuchosha. Wewe inakufaa kompyuta mpakato, hii inayokunjwa. Inabebeka na ina betri. Kasoro yake, kuitengeneza ni kazi, na vumbi la mbao ni adui yake. Usiifungue karibu na msumeno. Na usiinunue kabla hujaijaribu kwa programu yako ya kuchorea, ile niliyokufundisha. Nimekuja nayo."

Seremala aliijaribu. Alichora dawati zima, nayo haikukwama hata mara moja. Kisha akaiinua kwa mkono mmoja.

"Mbona kama haina kitu ndani?" alinung'unika. Lakini aliinunua.

Jumamosi, mbele ya kamati, alipofikia mchoro wa tatu, umeme ukakatika. Feni ikasimama. Moyo wa seremala nao nusura usimame. Akatazama kioo. Dawati lake lilikuwa bado linang'aa.

"Endelea, fundi," alisema mwalimu mkuu.

Akaendelea hadi mwisho, na kazi akapewa. Alitoka nje. Akaketi kwenye ngazi, akashusha pumzi, akampigia simu jirani yake. "Dada Bisibisi, leo nitalala!"

Wiki iliyofuata alitengeneza sanduku la kuikinga kompyuta na vumbi. Alitumia mbao ngumu kuliko zote alizokuwa nazo. Mkewe alijaribu kuliinua kwa mikono miwili. Halikusogea.

"Baba watoto, makubwa haya!"

Seremala akaliinua, jasho likamtoka, akacheka mpaka machozi.

"Sasa ndiyo kompyuta," alisema.