Bakuli la Mkono wa Kushoto

Chausiku alikuwa mke mpya pale Gatete. Mumewe, Amuri, alikuwa mvuvi. Chausiku mwenyewe alikamua mawese. Siku hizo askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, kule Usumbura walikuwa wengi, na mawese yalitakiwa kila soko. Kutwa nzima Chausiku alijaza chikichi zilizotwangwa ndani ya mfuko wa kamba. Kisha aliusokota kwa mikono mpaka mafuta yatoke. Mifuko thelathini kwa siku! Jamani, hata kinu hupumzika.

Ijumaa moja baba mkwe wake, Mzee Asmani, alirudi kutoka msikitini na mgeni. Mgeni huyo alikuwa Mbaraka, fundi wa kuchonga mitumbwi. Chausiku alipiga magoti, akampa baba mkwe bakuli la uji. Lo! Alimpa kwa mkono wa kushoto!

Mzee Asmani alilikataa bakuli kwa hasira.

"Mukono wa kushoto? Mimi? Mbele ya mugeni?"

"Baba, unisamehe..."

"Nyamaza! Amuri, kesho umurudishe kwao Kigwena. Mutu bila adabu hana nafasi humu."

Amuri alipigwa na butwaa. Chausiku akaangua kilio. Nami nasema wazi, mzee alihukumu kabla ya kuuliza.

Mbaraka ndiye aliyeuliza. "Mama, mukono wa kuume iko na nini?"

"Hakuna kitu, baba."

"Hakuna? Inua hiki kigoda. Kiganja kitazame chini."

Chausiku alijaribu. Kigoda kilimponyoka, kikaanguka puu!

"Sasa geuza kiganja kitazame juu."

Akakiinua! Wote walitoa macho. Mbaraka akabonyeza mfupa wa nje wa kiwiko, kwa kidole kimoja tu.

"Mama wee!" Chausiku aliruka.

"Tangu lini?"

"Miezi miwili. Bakuli likijaa, mukono huu hauwezi kulishika. Niliogopa mutasema mimi ni muvivu."

"Amerogwa!" alisema Amuri. "Tumuchanje chale?"

"Chale ya nini? Unataka kumuongeza kidonda?" Mbaraka alikasirika. "Mimi tezo ya kuchongea mitumbwi ilinifanya hivi hivi. Nyama zinazoinua kiganja zinashikamana hapa, kwenye huu mufupa. Ukisokota kutwa, zinaumia. Kesho unasokota tena, kabla hazijapona."

"Sasa nifanye nini, baba?"

"Pitisha muti kwenye mufuko, musokote watu wawili. Kila mifuko mitano, mupumzike. Ukiinua kitu, kiganja kitazame juu, na kitu kiwe karibu na mwili. Lakini usiuache mukono bila kazi yoyote, utazidi kulegea. Kila siku uuweke juu ya paja, kiganja kipite goti na kitazame chini, ushike jiwe dogo. Ulishushe polepole. Kulipandisha, mukono wa pili usaidie. Maumivu kidogo si neno. Yakizidi, tafuta jiwe dogo zaidi. Utapona kwa miezi, si kwa siku."

"Na kama haponi?" aliuliza Amuri.

"Kiwiko kikivimba na kuwa moto, ao vidole vikifa ganzi, hilo ni jambo lingine. Mupeleke kwa muganga upesi. Na wewe mama, usifiche tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Mzee Asmani alikuwa amejishika kichwa. "Miezi miwili, ndani ya nyumba yangu! Na mimi sikuona! Mutoto wangu, hauendi popote."

Chausiku alifuata maneno yale. Mwezi wa kwanza aliona nafuu kidogo tu. Mwezi wa tatu maumivu yaliisha.

Mwezi huo mama yake alikuja kumtazama. Alifika penye mawese, akasimama kinywa wazi. Chausiku alishika ncha moja ya mti. Ncha ya pili alishika Mzee Asmani, kanzu imekunjwa kiunoni, jasho linamtiririka.

"Astaghafiru! Mzee, kazi ya wanawake?"

Mzee Asmani alipumua kwa nguvu.

"Huu mufuko wa tano tu, na mimi niko hoi. Mutoto wako alisokota thelathini, peke yake. Na mimi nilitaka kumufukuza."