Kichwa Kizima

"Kichwa?"

"Kizima."

"Shingo?"

"Nzima. Fanya haraka Wi, hili joho linanipika!"

Wiremu hakufanya haraka. Alishika kulabu ya waya mkononi, akamkazia macho mkewe. Walikuwa juu ya mnara, mita kumi na nane kutoka chini, kwenye kiwanja cha filamu cha Gold Coast. Tamsin alikuwa amevaa joho la fedha la Binti Radi, shujaa wa filamu hiyo. Mwigizaji mwenyewe, yule wa kwenye mabango, alikuwa kivulini anakunywa kahawa. Yeye mabusu, Tamsin maanguko.

Kazi yao ina mwiko. Mshika waya hafungi kulabu mpaka aulize kichwa, shingo na mgongo, na anayeruka ajibu kwa kinywa chake. Jibu moja likiwa baya, hakuna kuruka, hata mwongozaji apasuke.

"Nauliza tena. Kichwa?"

"Kizima! Umekuwa kiziwi?"

Wiremu akatoa simu mfukoni, akamsomea ujumbe ulioingia muda ule ule wakipanda ngazi.

"'Shemeji, Tam alinikataza kusema. Daktari ameona picha za kichwa chake. Pigo jingine moja linaweza kumuua. Usimruhusu aruke. Keira.'"

Tamsin akasonya.

"Huyo mdogo wangu mmbea tangu utotoni."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni mruko mmoja, Wi. Mmoja tu! Miaka kumi na minne naanguka na hakuna anayeijua sura yangu. Filamu ya kwanza ilikuwa fujo tupu. Hii ya pili ndiyo yenye moyo. Binti Radi kaishiwa nguvu zote, anajitupa ili mpenzi wake apone. Niachie hili, kisha nitakaa nyumbani nikupikie mpaka unichoke."

"Binti Radi atafufuka filamu ya tatu. Wewe je?"

"Aa, leo umeokoka?" Tamsin alicheka kicheko kibaya. "Kwenye ile ya kwanza, nilipogonga ukuta, nani aliniuliza kichwa? Wewe. Nani alinisikia nikijibu kwa ulimi mzito kama mlevi, akafunga kulabu nikaruka tena? Wewe, Wiremu!"

Wiremu alisikia siku ile, na alijua. Alifunga kwa sababu mkewe alimwomba, naye hakuwahi kuweza kumnyima kitu. Mapenzi gani hayo, ya kumpa mtu kifo kwa sababu amekiomba!

Redio ya begani ikakoroma. Alikuwa mwongozaji.

"Nyie huko juu, mnafunga ndoa upya? Jua linatukimbia!"

Tamsin akamshika mkono.

"Ukinishusha mbele ya watu hawa, usinitafute tena. Naapa."

Wiremu akabonyeza redio.

"Kichwa hakifai. Tamsin anashuka."

Joho alivishwa binti mwingine, likiwa bado na jasho la Tamsin. Akaruka mara moja, watu wakapiga makofi. Tamsin naye alipiga, machozi yakimtiririka, na jioni Wiremu alikuta kabati tupu. Alikuwa amekwenda kwa Keira, mji wa Toowoomba.

Kila asubuhi Wiremu alituma neno moja.

"Kichwa?"

Kimya. Siku ya tatu, kimya. Ya tisa, kimya. Chakula kilimshinda na kitanda kikawa kipana mno. Alipompigia Keira, aliambiwa, "Shemeji, hataki hata kusikia jina lako. Mwache kwanza." Akaendelea kutuma, maana hakujua kufanya kingine.

Siku ya kumi na saba simu ikalia, ujumbe wa Tamsin.

"Kinauma. Jana nilisahau jina la Keira. Naogopa, Wi."

Wiremu alilia peke yake jikoni. Ni yeye aliyefunga kulabu siku ile, na hakuna wa kuifungua sasa. Vidole vikaandika vyenyewe, kwa mazoea.

"Shingo?"

"Nzima."

"Mgongo?"

"Acha ujinga, njoo. Hapa mlangoni kuna ngazi tatu na siwezi kuzishuka. Njoo unishike."