Jicho la Kushoto la Chepkoech

Kila Jumamosi asubuhi, kabla Chepkoech hajatoka kwenda kuogelea, mama yake alisimama mlangoni na kumuuliza maswali yale yale. Taulo amechukua? Kofia ya kuogelea je? Sweta ya kuvaa akitoka majini, maana nje kuna theluji? Na lenzi, atazitoa? Chepkoech, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, alifunga kamba za viatu huku akijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, bila kuinua kichwa. Mama alijua kwamba mtoto anayejibu maswali yote kwa pumzi moja hajasikia hata moja. Alishusha pumzi, akafungua mlango, akamwacha aende.

Waliishi Parkdale, upande wa magharibi wa jiji la Toronto, katika jengo la ghorofa ambalo lifti yake iliharibika mara kwa mara. Mama yake, Nyaboke, alitoka Kisii na alikuwa muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Baba yake, Kiprop, alitoka Eldoret na alifanya kazi katika ghala moja nje ya jiji. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lugha ya kwao, nyumbani walizungumza Kiswahili. Chepkoech alikielewa chote, lakini mara nyingi alijibu kwa Kiingereza, jambo ambalo nalo lilimchosha mama yake.

Macho ya Chepkoech hayakuona mbali. Alikuwa akivaa miwani tangu darasa la pili, na majira ya baridi miwani hiyo ilimtesa. Kila alipoingia ndani kutoka kwenye baridi, vioo vilijaa ukungu, akabaki amesimama mlangoni mwa darasa haoni pa kwenda. Baada ya kuomba karibu mwaka mzima, alipelekwa kwa daktari wa macho akapewa lenzi, vile vipande vidogo laini vinavyokaa juu ya jicho lenyewe. Alielezwa masharti yake. Anawe mikono kabla ya kuzigusa. Azioshe kwa dawa yake maalumu, si kwa maji ya bomba. Azitoe kabla ya kulala, na asioge wala asiogelee nazo. Mama alimtaka ayarudie masharti hayo mbele ya daktari, akayarudia. Nyumbani Mama alimkumbusha tena, na wiki iliyofuata tena, hata Baba akasema kwamba yeye asiyevaa lenzi sasa angeweza kufanya mtihani wa lenzi na kufaulu.

Tatizo lilianzia bwawani. Chepkoech alikuwa katika timu ya kuogelea ya mtaa, na alikuwa na mbio kweli. Lakini bila lenzi, ukuta wa upande wa pili ulikuwa doa la buluu tu, na saa kubwa ya mwalimu wa kuogelea haikusomeka. Siku moja alipotoka majini alimshika mkono msichana asiyemjua, akidhani ni rafiki yake Ella, akaanza kumsimulia jinsi alivyogeuka vizuri ukutani. Wasichana wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo hakuzitoa tena. Alikuwa na miwani ya kuogelea, lakini ilikuwa ya kawaida, isiyomsaidia kuona, na tena iliingiza maji pembeni. Aliitundika shingoni ili mwalimu aione.

Ella, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, aliliona jambo hilo, akamuuliza kama daktari amemruhusu. Chepkoech alimjibu kwamba maji ya bwawa yana dawa ya klorini, na klorini inaua kila kijidudu, kwa hiyo hakuna la kuogopa. Ella hakuridhika, lakini hakumwambia mtu.

Jumamosi moja ya Februari, katika mazoezi ya mwisho kabla ya mashindano, lenzi ya kushoto ilisogea Chepkoech alipokuwa anageuka ukutani. Alitoka mbio, akaichomoa kwa vidole vilivyolowa, akaisuuza kwenye sinki la chumba cha kubadilishia nguo na kuirudisha jichoni. Iliwasha kidogo. Alirudi majini, akamaliza mazoezi. Alipofika nyumbani alijitupa kwenye kochi akapitiwa na usingizi, lenzi zikiwa machoni.

Jumatatu jicho la kushoto lilikuwa jekundu. Alimwambia mama yake ni sabuni ya nywele. Kesho yake lilikuwa likiuma na kutoa machozi, naye akasema ni upepo. Mama, aliyekuwa ametoka kazini akiwa hajaketi tangu asubuhi, alimwinua kidevu chini ya taa ya jikoni. Chepkoech akafumba jicho upesi, kwa sababu mwanga wenyewe ulimchoma.

"Jana sabuni, leo upepo, kesho utaniambia ni kitunguu," Mama alisema. "Vaa koti. Tunakwenda kwa daktari."

Katika kliniki ya karibu, daktari kijana alilitazama jicho, akauliza kama msichana huyu anavaa lenzi. Mama akajibu ndiyo. Daktari akamgeukia Chepkoech na kumuuliza kama amewahi kuogelea nazo au kuziosha kwa maji ya kawaida. Chepkoech aliona mama yake amesimama karibu na mlango, mikono imekunjwa kifuani, anamtazama. Alijua kwamba akisema kweli lenzi zitachukuliwa, na pengine timu nayo itamponyoka.

"Hapana," alisema. "Mimi huzitoa kila mara."

Kwa jibu hilo daktari aliona kwamba huo ni ugonjwa wa kawaida wa macho mekundu. Alimpa dawa ya matone, akamwagiza asivae lenzi mpaka apone na arudi haraka hali ikizidi kuwa mbaya.

Hali ilizidi kuwa mbaya. Kabla wiki haijaisha Chepkoech alikuwa anakaa darasani amefunika jicho kwa kiganja. Hata alipovaa miwani yake ya zamani, maandishi ya ubaoni yalikuwa kama yameandikwa ndani ya moshi. Wakati wa mapumziko Ella alimtaka auondoe mkono, akaona kitu kama chembe ya maziwa juu ya sehemu nyeusi ya jicho. Alimuuliza kama amewaeleza wakubwa habari za bwawani. Chepkoech alipotikisa kichwa, Ella alimwambia kwamba kama mama yake hatajua leo, yeye mwenyewe atampigia simu, na akimchukia basi na amchukie.

Jioni hiyo Mama alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi. Chepkoech alisimama upande wa pili wa meza, akasema yote kwa Kiswahili: bwawa, sinki, kochi, na jibu alilompa daktari. Mama alichomoa pasi kwenye umeme, akaiweka wima, akaukunja waya wake taratibu. Chepkoech alitamani angefokewa tu yaishe.

"Nimesema mpaka nimechoka kujisikia nikisema," Mama alisema hatimaye. "Kuogelea nazo ni ukaidi, na ukaidi wako nimeuzoea. Lakini mtu anauliza ili ajue akutibu nini, na wewe unamwambia hapana? Umempa jibu la uongo, naye akakupa dawa ya ugonjwa usiokuwa nao. Sasa lete hizo lenzi na kikopo chake. Wataziomba hospitalini."

Theluji ilikuwa inaanguka, na tramu, treni ndogo ya umeme inayopita barabarani, ilichelewa. Ilipofika ilijikokota, ikasimama kila kituo, na kati ya vituo ikasimama tena bila sababu. Mama alitazama saa yake, akamtazama dereva, akamtazama binti yake, kila mmoja kwa uchovu uleule. Lakini mkono wake mmoja ulikuwa begani mwa Chepkoech, na haukutoka hapo mpaka hospitali.

Aliyewapokea kwenye idara ya macho alikuwa Daktari Nazmin Roshanali, mama wa makamo aliyezaliwa Dar es Salaam na sasa aliishi Thornhill, kaskazini mwa jiji. Aliposikia Mama akimwambia mtoto wake akae wima, aliwaamkia kwa Kiswahili. Alidondosha rangi ya manjano jichoni, akalimulika kwa taa ya buluu, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza yale maswali ya kliniki, na safari hii Chepkoech alijibu kila moja sawasawa. Daktari alichukua ute kidogo kutoka kwenye jicho, akazichukua na lenzi ili zipimwe maabara.

"Una kidonda kwenye konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho," alieleza. "Klorini haiui kila kitu, binti. Kuna vijidudu vinavyoishi bwawani, hata kwenye maji ya bomba na ya bafuni. Ukiogelea bila lenzi, machozi huvisafisha vingi. Ukivaa lenzi, inanyonya maji na kuvibana juu ya jicho, na ukilala nayo unavipa nafasi zaidi. Mngeendelea kukaa na dawa ile, ungeweza kupoteza jicho hili."

Mama aliketi. Alikuwa hajaketi tangu waingie.

Yalifuata majuma magumu. Mwanzoni matone mapya yalitiwa kila saa, mchana na usiku. Mama na Baba walipeana zamu za kumwamsha Chepkoech, na wote watatu wakawa wepesi wa kukasirika. Dawa iliwasha. Mapazia yalibaki yamefungwa. Mashindano yalipita, na nafasi yake katika mbio za kupokezana alipewa msichana mwingine. Ella alikuja kumwambia kwamba wamekuwa wa nne, na kwamba angekuwepo labda wangekuwa wa pili. Hakusema hivyo kumfurahisha wala kumwumiza, ndivyo ilivyokuwa.

Machipuko yalipoanza, kidonda kilifunga. Daktari Nazmin alisema limebaki kovu dogo, na kwamba usiku Chepkoech ataona taa za magari zimezungukwa na ukungu kidogo upande wa kushoto, pengine maisha yake yote. Kuhusu bwawa, alimwandikia miwani ya kuogelea yenye vioo vya kumsaidia kuona, inayobana vizuri pembeni. Lenzi ataruhusiwa tena baadaye, ila ikitokea siku moja amejisahau akaingia majini nazo, azitoe mara moja, azitupe avae mpya. Na jicho likiwa jekundu, likiuma au likiogopa mwanga, asingoje kesho. Chepkoech alijiuliza kwa sauti kwa nini hakuomba miwani ya namna hiyo tangu mwanzo. Mama alimwambia kwamba hilo ndilo swali ambalo yeye mwenyewe amekuwa akijiuliza tangu Februari.

Walitoka hospitali, wakasimama kituoni kungoja tramu. Jua lilikuwa kali juu ya theluji iliyobaki, na Chepkoech akaweza kulitazama bila kufumba jicho. Alimwomba mama yake msamaha, kwa Kiswahili.

"Nimekusamehe," Mama alisema. "Lakini sikiliza, na safari hii usinijibu ndiyo ndiyo. Uliniogopa mimi kuliko ulivyoogopa kuwa kipofu. Hasira yangu unaijua, nikinywa chai imekwisha. Jicho likiharibika halirudi. Ukipewa masharti ya afya yako, yafuate hata kama hakuna anayekuona. Na ukiyavunja, mwambie ukweli mtu anayetaka kukusaidia, siku hiyohiyo, hata kama mimi nimesimama pale nimekunja mikono."

Chepkoech hakujibu haraka. Aliyafikiria maneno hayo moja moja, kisha akasema amesikia. Mama alimtazama usoni, akaona kwamba kweli amesikia, na tramu ilipokuja wakapanda.