Maji ya Kwanza

Hapa mtaani Ziwani maji huja Ijumaa. Mfereji ukikohoa tu, mama yangu Wayua huwa amefika na mtungi wake. Kwa miaka minne hakuna jirani aliyemtangulia. Mimi, Kamene, nikirudi kutoka shule ya bweni, humpigia saluti anapopita.

"Maji ya kwanza ndiyo matamu," husema. "Ya mwisho ni ya wavivu."

Likizo hii ndugu yangu Muindi, mtoto wa miezi tisa, alihara kwa mara ya tatu. Macho yalizama. Alilia bila machozi. Nabwire, mhudumu wa afya wa mtaa, alimtazama mara moja tu, akatukimbiza zahanati.

Muindi alipopata nafuu, Nabwire alirudi na maswali.

"Mnachota maji yapi?"

"Ya kwanza!" Mama alijibu kwa fahari.

"Unayachemsha?"

"Niyachemshe yamekosa nini?"

Nabwire hakubishana. Aliniomba beseni, buluu ya kufulia na mpira wa maji, kisha akaniambia niutoboe ule mpira. Kuharibu vitu kwa ruhusa! Nilitii kwa heshima zote.

Tuliulaza mpira, tundu likiwa ndani ya beseni la maji ya buluu. Nabwire akamimina maji safi upande mmoja. Yakatoka safi upande wa pili. Akaacha kumimina. Mpira ulipobaki mtupu, buluu ikaingia tunduni. Akamimina tena. Maji ya kwanza yakatoka buluu!



"Beseni ni mtaro," Nabwire alisema. "Bomba letu limepita humo, na lina nyufa. Liliwekwa wakati nyumba ni chache. Sasa tazameni."

Tukatazama. Uwanja niliochezea nikiwa darasa la tatu umekuwa ghorofa nane, nguo zimeanikwa hadi mawinguni. Watu wote wale, bomba moja!

"Maji hayatutoshi," Nabwire aliendelea, "ndiyo maana tunapewa kwa zamu. Bomba likikauka, linameza maji ya mtaro."

"Kumbe nilikuwa nakimbilia uchafu?" Mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Pole, Mama Kamene," alisema jirani yetu, Bi Ruqaiya, aliyekuja kutazama. "Nami nilivyokuwa nakuonea wivu!"

Siku hizi ndoo mbili za kwanza ni za choo. Maji ya kunywa huchemshwa hadi yatokote, hata yakiwa meupe kama kioo. Majirani arobaini walikwenda pamoja ofisi ya maji, na mafundi wakaja kulitoa bomba mtaroni.

Muindi hajahara tena. Jana, akiogeshwa, alimpiga Mama teke la nguvu. Tulilishangilia kama bao.